Mpime Mgonjwa kwa Kazi Inayomngoja Nyumbani

Fomu ya kumpokea mgonjwa wodini ina nafasi ya joto la mwili, presha, mapigo ya moyo, dawa anazotumia na jina la jamaa wa karibu. Haina nafasi ya choo. Mama wa miaka sabini aliyevunjika nyonga huko Keringet ataruhusiwa kwenda nyumbani siku atakapoweza kutembea na fremu juu ya sakafu laini ya hospitali, kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Kwake kuna mteremko, kuna matope ya mvua ndefu, na kuna choo cha shimo kinachomtaka achutame kabisa kisha ainuke bila kitu cha kushika. Fremu yenyewe haipiti mlango wa choo hicho. Lakini faili lake litasema ameendelea vizuri.

Nawaandikia wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia walio mwanzoni mwa kazi, hasa nyinyi mnaofanyia mafunzo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita PGH, na nyinyi wa Naivasha, Molo, Gilgil, Njoro na zahanati za huko ndani. Mmefundishwa vipimo vingi, na vyote vina kazi yake. Lakini kumchunguza mgonjwa ni kujua mambo matatu: mwili wake uliweza nini kabla ya kuugua, unaweza nini leo, na utadaiwa nini atakaporudi kwake. Kipimo kisichojibu mojawapo ya hayo ni cha kujaza karatasi.

Anza kabla hujafungua mdomo. Simama mlangoni nusu dakika utazame. Nani anamlisha, na kwa nini yeye mwenyewe hashiki kijiko? Anapojigeuza anasukuma kwa miguu yote miwili au mmoja umelala tu? Kandambili zilizo chini ya kitanda, moja imelika upande zaidi ya mwenzake? Mgonjwa akijua anapimwa hujikaza, na wengine hujilegeza. Ile nusu dakika ambayo hajakuona ina ukweli ambao hutaupata tena siku hiyo.

Kisha hesabu pumzi. Shika mkono wake kana kwamba unapima mapigo, tazama kifua, uhesabu dakika nzima. Ukimwambia unahesabu pumzi, atabadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Pumzi zikianza kupanda kuelekea 25 na zaidi, mara nyingi hilo ndilo onyo la kwanza, mapema kuliko presha kuanguka. Hata hivyo ndiyo namba inayobuniwa zaidi hospitalini. Ukipitia mafaili ukakuta wodi nzima inapumua mara 20 kamili, asubuhi na jioni, ujue hakuna aliyehesabu.

Wataalamu wa fiziotherapia nao wasidhani vipimo hivi ni vya wauguzi peke yao. Mtu aliyelala wiki nzima usimwinue kabla ya kumpima presha akiwa amelala. Mketishe ukingoni mwa kitanda, muulize kama anaona kizunguzungu. Msimamishe, upime tena baada ya dakika moja, na tena dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mwili haujazoea kusimama. Huenda amekosa maji, huenda ni dawa za presha, huenda anavuja damu mahali. Mrudishe alale, umwarifu daktari, uandike. Kumtembeza kwa nguvu kwa sababu ratiba inasema leo ni siku ya kutembea ni kumtafutia nyonga ya pili ya kuvunja.

Liko jambo ambalo vitabu vingi vya kufundishia havikulipa uzito, kwa kuwa viliandikwa na watu waliokuwa wakitazama wagonjwa weupe. Kitabu kitakuambia kidonda cha kulalia huanza kwa wekundu. Kwenye ngozi ya mgonjwa wako wa Subukia au Marigat wekundu huo huenda usiuone kamwe. Utakaloona ni sehemu iliyokoza weusi kuliko ngozi inayoizunguka, au yenye rangi ya zambarau, au inayong'aa kidogo. Kwa hiyo tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja juu ya mfupa wa chini ya mgongo, nyongani, kwenye visigino, na kwa mtoto nyuma ya kichwa. Linganisha na ngozi ya jirani: je, pana joto zaidi, au ubaridi? Pamekuwa pagumu, au pamelainika kama parachichi lililoiva kupita kiasi? Muulize kama panauma au panawasha, mradi ana hisia hapo. Tumia mwanga wa dirisha, maana taa za wodi hudanganya. Visigino ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote kwa sababu hukaa ndani ya blanketi, na Nakuru ina baridi ya kutosha kumfanya kila mtu asite kulifunua. Lifunue.

Vivyo hivyo kwa upungufu wa damu na wa hewa. Tazama ndani ya kope la chini, ulimi, ufizi na kiganja. Usitafute weupe au ubuluu usoni. Na kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachoonyesha oksijeni, usikiamini peke yake. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walilinganisha namba zake na damu iliyopimwa maabara, wakakuta kwamba kwa wagonjwa Weusi kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu ya kilivyofanya kwa Wazungu. Kikikuambia 94 na mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, sikiliza sentensi.

Tuje kwenye mazungumzo. Wodi moja ya Nakuru huwa na Mkikuyu wa Bahati, Mkipsigis wa Kuresoi, Mtugen wa Baringo na Mmaasai aliyeshushwa kutoka Narok, na Kiswahili cha kila mmoja kina kina chake. Kuzungumzia bei ya viazi si sawa na kueleza ganzi inayoanzia kiunoni na kuishia kidole gumba. Tafuta mkalimani, lakini mchague. Mtoto wa kiume atakutafsiria vizuri mambo ya kikohozi cha babake. Ukifika kwenye mkojo na choo atanyamaza, au atajibu mwenyewe kwa niaba ya mzee. Mkaza mwana hawezi kumuuliza baba mkwe mambo hayo, na usimlazimishe. Mwite mhudumu mwenzako anayejua lugha hiyo, wa jinsia inayofaa, na jamaa watoke kidogo nje.

Mwite mgonjwa kama anavyoitwa na wajukuu zake na majirani: shosho, guka, kogo, mzee, mama. “Kitanda 14” hakijawahi kumweleza mtu yeyote siri ya mwili wake. Omba ruhusa kabla ya kumgusa, hata kama jana ulimgusa.

Kuhusu maumivu, ile namba ya sifuri hadi kumi inafaa kwa aliyesoma na kuzoea kupewa alama. Wazee wengi watakuambia “inauma sana” au “si mbaya”, na wote wawili wawe na mfupa uliovunjika. Wanaume wengi wa Bonde la Ufa walifundishwa jandoni kutokunja uso. Usiulize inauma kiasi gani. Uliza inamzuia nini. Anaamka usiku kwa maumivu? Anaweza kukaa kwenye kigoda akamaliza kukamua ng'ombe mmoja? Zamani alikuwa akibeba mtungi wa lita ishirini kutoka bomba la soko, sasa anabeba wa lita ngapi? Mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha muulize ni saa ngapi za zamu mkono unapoanza kufa ganzi, na kama anapoupunga unapata nafuu. Akisema ganzi humwamsha usiku kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, umeshaanza kuuona mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni hata kabla hujaugusa mkono wake.

Majibu hayo yaandike kama yalivyo. Wiki mbili baadaye “mtungi wa lita tano hadi mlangoni” utakuonyesha maendeleo kuliko saba iliyoshuka kuwa sita.

Hapo ndipo nafika kwenye ugonjwa sugu wa mafaili yetu: “anaendelea vizuri”, “nguvu zimeongezeka”, “ametulia”. Maneno haya hayamsaidii anayeingia zamu. Nguvu za msuli hupimwa kwa daraja sita. Sifuri, hakuna hata mtetemo. Moja, msuli unajikaza lakini kiungo hakisogei. Mbili, kinasogea ukikiegemeza ili kisibebe uzito wake. Tatu, kinajiinua chenyewe. Nne, kinastahimili mkono wako kwa kiasi. Tano, ni kawaida. Tatizo liko kwenye nne, kwa sababu ni pana mno; mwanafunzi mwenye mikono myepesi atampa mkulima wa Mau Narok tano, na mwenye kifua kipana atampa yeye huyo nne. Paja la mtu aliyelima maisha yake yote linaweza kuishinda mikono yako na bado lisiweze kumwinua kutoka chini. Kwa hiyo ongeza kazi halisi: akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa kwenye kiti, uhesabu mara ngapi kwa sekunde 30. Au ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Mzee anayechukua sekunde 12 au zaidi yuko kwenye hatari ya kuanguka. Unahitaji kiti, kamba ya kupimia mita 3 na saa iliyomo kwenye simu yako. Andika sekunde, andika alivaa viatu gani, andika kama alishika gongo. Anayepima wiki ijayo lazima apime kitu kilekile.

Na kila mara anza na upande mzima. Mgonjwa anaelewa unachotaka, nawe unapata kujua kawaida yake yeye, si ya kitabu.

Kiharusi kinastahili aya yake. Swali la kwanza kwa jamaa ni saa ngapi mgonjwa alionekana mara ya mwisho akiwa mzima, si saa ngapi walimkuta ameanguka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mahali inapopatikana, ina kikomo cha saa nne na nusu. Pima sukari papo hapo, kwa kuwa sukari iliyoshuka inaweza kupoozesha upande mmoja wa mwili na kupotosha usemi, na mtu akaandikiwa kiharusi ambacho hana. Kisha zuia uji. Najua ni vigumu: shangazi ametoka Elburgon alfajiri na chupa ya uji wa wimbi, na kumkatalia kunaonekana ukatili. Lakini koo lililolegea hupeleka uji kwenye mapafu, na nimonia inayofuata huua watu wengi waliokwisha kukiokoka kiharusi chenyewe. Kabla ya kitu chochote cha mdomoni, mgonjwa awe macho, aketi wima, na mtu aliyefunzwa ajaribu kwa kijiko kidogo cha maji. Akikohoa, au sauti ikawa na majimaji, au mate yakatiririka, asilishwe mpaka achunguzwe zaidi. Hata asipokohoa, endelea kumtazama, kwa sababu wako wanaopaliwa kimyakimya. Jambo la pili: asivutwe kwa mkono uliopooza, si na muuguzi, si na jamaa. Bega hilo halina msuli wa kulishikilia, likiteguka maumivu yake yatakwamisha mazoezi kwa miezi.

Barabara yetu nayo inatupa wagonjwa wa aina yake. Kutoka Salgaa kupanda Sachangwan hadi Mau Summit, na kuelekea Kericho, ni majina ambayo kila Mkenya anayajua kwa sababu mbaya. Mnamo Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani na kuua watu zaidi ya 50. Ongeza bodaboda za kila siku. Majeruhi wa namna hii, hata akikuambia yu mzima na ataka kuketi, mchukulie kuwa ana jeraha la uti wa mgongo mpaka ithibitishwe kinyume. Kumgeuza ni kazi ya watu wanne, mmoja akishika kichwa na ndiye anayetoa amri. Pima hisia kwa kugusa pande zote mbili, ukishuka kutoka shingoni, na usiishie magotini kwa haya: hisia kwenye njia ya haja kubwa na uwezo wa kuikaza ndiyo habari ambayo daktari wa mgongo ataiuliza kwanza. Hata mgonjwa wa mgongo wa kawaida, yule aliyekuja kwa miguu, akikuambia amekufa ganzi sehemu anayokalia, au mkojo umekataa kutoka, hilo si la kukandwa wala kupewa miadi ya wiki ijayo. Ni dharura ya siku hiyohiyo.

Aliyeumia uti kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu ana hatari nyingine inayowapita hata wahudumu wazoefu. Presha yake ya kawaida sasa huenda ni 100 kwa 60. Ukimkuta na 140, uso unatoka jasho na kichwa kinamgonga, wewe utaona namba ya kawaida. Yeye yuko karibu na kiharusi. Mketishe wima haraka, legeza nguo, na ufuate mpira wa mkojo kuanzia mwilini hadi kwenye mfuko: mara nyingi utakuta umejikunja au umeziba. Kama si mkojo, ni choo kilichokwama, au kidonda, au hata ukucha uliozama. Ndiyo maana nasema namba ya jana ya mgonjwa huyuhuyu ni muhimu kuliko namba ya kitabu.

Mnamo Januari 31, 2009, kwenye barabara hiyohiyo, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Baadhi ya waliookoka waliletwa Nakuru. Kwa mgonjwa wa moto, uchunguzi wa viungo huanza siku ya kwanza, si ngozi ikishafunga, kwa kuwa mkao unaompa nafuu ndio unaomlemaza. Ameungua shingo mbele? Ondoa mto. Kwapa? Mkono ukae umetanuliwa. Ndani ya kiwiko? Unyooshwe. Pima pembe ya kiungo kwa goniomita kila siku chache; nyuzi kumi zilizopotea leo zinarudishwa kwa mazoezi, arobaini zilizopotea zinataka upasuaji.

Kwa wenyeji wa Bonde la Ufa fungua pia mdomo utazame meno. Maji ya visima vingi vya huku yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, ndiyo sababu meno ya kahawia ni kitu cha kawaida Nakuru. Mtu aliyekunywa maji yenye kiwango cha juu sana kwa miaka mingi anaweza kupatwa na ugumu wa mgongo na viungo ambao hauondolewi na kukandwa. Muulize kisima gani, kwa miaka mingapi, na umwombee picha ya eksrei. Mweleze pia kwamba kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki. Vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilivisambaza, huipunguza.

Sasa nyumbani. Mwombe kijana wa familia apige picha kwa simu: njia ya kutoka barabarani, kizingiti, kitanda, choo, mahali pa kuogea. Hutumia dakika tano na hukuonyesha mengi kuliko maelezo ya saa nzima. Ukishaona, jenga mazoezi yako juu ya picha hizo. Kuna ngazi mbili? Apande mbili, si nne. Choo ni cha kuchutama na daktari amemkataza kukunja nyonga kupita nyuzi 90? Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu na mhimili wa kushikilia ukutani. Mpe jamaa vipimo vya urefu, usimwambie tu “tafuteni kiti”. Atakwenda nyumbani kwa bodaboda? Basi na kupanda na kushuka bodaboda kuwe zoezi, au uwaambie wazi kwamba wakodishe gari. Kabla hawajaondoka, mlezi akuonyeshe yeye mwenyewe jinsi atakavyomgeuza na kumwinua, bila wewe kusaidia. Kuitikia kwa kichwa si ushahidi. Na mjue mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chao, kwa kuwa tangu 2023 wengi wao wamepewa vifaa vya kupima presha na sukari. Mpigie simu siku mgonjwa anapotoka.

Muuguzi wa zamu ya usiku hukaa na mgonjwa saa kumi na mbili. Mtaalamu wa fiziotherapia humwona dakika ishirini akiwa na bahati. Muuguzi ndiye anayejua kwamba mzee alikwenda choo peke yake saa tisa usiku, na mtaalamu ndiye anayejua kwamba goti halikuwa tayari kwa safari hiyo. Lakini wawili hawa huandika kwenye kurasa tofauti za faili moja, na wakati mwingine humaliza wiki bila kusalimiana. Zahanati nyingi za kaunti hazina mtaalamu wa fiziotherapia kabisa, kwa hiyo huko muuguzi ndiye wote wawili. Nawaomba wasimamizi wa wodi watenge robo saa ya asubuhi, hata kama ni mara mbili kwa wiki, muuguzi na mtaalamu wapite pamoja kwenye kila kitanda wakiwa na faili moja. Haihitaji bajeti wala barua kutoka makao ya kaunti. Inaweza kuanza Jumatatu.